Baraza la Washairi Simuni: Lipi la Kukazia, Lipi la Kuachia

Barua zinijiazo mintarafu ya makundi ya mashairi ya kwenye simu hutofautiana kwa mwandiko na kwa urefu wa salamu, lakini zikisha kusomwa zote huuliza jambo moja: tukaze kamba au tulegeze? Muulizaji aghalabu ni msimamizi aliyechoka. Kundi lake lilianza kwa watu wachache waliopenda vina, likapanuka, na sasa hapapiti alfajiri bila picha za maua zenye maneno ya kutakiana heri, tangazo la viwanja vinavyouzwa kwa bei ya kutupa, na mzozo baina ya mzee adaiye kuwa beti za fulani ni guni na kijana ajibuye kuwa zama za kuhesabu mizani zimekwisha pita. Akikaza, watu wanajitoa. Akilegeza, wanabaki watu na mashairi hayaonekani tena.

Rai yangu ni kwamba ukali na uhuru haviko vitani, ila vimewekwa mahali pamoja ilhali kila kimoja kina mahali pake. Ukali uwe juu ya uwanja, saa na jina la mtunzi. Mjadala wa sanaa yenyewe uachwe wazi kadiri iwezekanavyo. Na anayekata shauri asiwe mmoja wa wanaogombana. Yafuatayo ni maelezo ya namna ya kulitenda hilo, kwa ajili ya makundi ya WhatsApp hasa, kwa kuwa humo ndimo washairi wengi wa Kiswahili wanamokutana siku hizi.

Andikeni kwanza kundi ni la nini

Kabla ya kanuni yoyote, andikeni sentensi moja isemayo kundi limeundwa kwa kazi gani. Wasimamizi wengi huruka hatua hii kwa kudhani kuwa jina linatosha, ilhali jina kama "Malenga Wetu" halimwambii mgeni kama amekuja kufundishwa, kushindana au kusoma tu. Kuna makundi ya aina tatu, na mengi ya magomvi niliyoletewa yamezaliwa na kuzichanganya:

- Kundi la mafunzo, ambamo beti mbovu ni mali, kwa sababu ndizo zinazofundishiwa.
- Kundi la malumbano, ambamo watu hutupiana mafumbo na kujibizana.
- Kundi la diwani, ambamo huletwa kazi iliyokwisha kukamilika, isomwe na ihifadhiwe.

Waweza kuwa na yote matatu kwa wanachama wale wale, lakini si kwa saa ile ile. Aidha, fungueni kundi la pembeni la soga: salamu, picha za watoto, mpira, na kila kilicho halali ila si shairi. Najua mtaniambia kuwa watu watahamia sogani na uwanja wa mashairi ubaki mtupu. Huenda, kwa wiki mbili au tatu. Lakini uwanja unaoletwa tungo tatu kwa juma, zikasomwa zote, una manufaa kuliko ule unaoletwa thelathini na kila moja ikafunikwa na video kabla mtunzi hajaiweka simu chini.

Ya kukazia ni machache

Kanuni zote zienee katika kioo kimoja cha simu bila kusogezwa. Zikizidi hapo hazisomwi, na kanuni isiyosomwa huishia kuwa silaha mkononi mwa msimamizi, ambayo wengine huijua siku wanapopigwa nayo. Mimi ningekazia hizi:

- Jina la mtunzi. Shairi la mtu lisiletwe bila jina lake, wala lisikatwe ubeti wa mwisho ambamo watunzi wetu wa tangu na tangu hujitaja. Katika kundi la washairi hakuna kosa lipitalo hili, na wala si lazima mwizi awe amekusudia: aghalabu amelipokea kutoka kundi jingine likiwa limekwisha kunyolewa jina. Atakiwe kulitafuta au kulifuta.
- Nafsi ya mtu. Shairi lishambuliwe, nasaba, dini, kabila, mwili na nyumba ya mtunzi visiguswe.
- Habari zisizo na mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018, na zote mbili zinagusa uenezaji wa habari za uongo. Si baraza la vina litakalomthibitishia mtu uvumi, basi uvumi usiingie.
- Biashara na michango. Visiletwe kundini. Hapa pana istisnai moja, nayo ni msiba wa mwanachama, ambao una haki yake. Ateuliwe mtu mmoja wa kupokea rambirambi, itajwe siku ya kufunga, hesabu isomwe hadharani, kisha kundi lirejee kazini. Makundi mengi hayafi kwa ukali. Hufa kwa michango isiyokuwa na tamati.

Mengine yote, yaani ladha, bahari, msamiati, mada, siasa ikiwa imevaa vina, na hata kama Kimvita ni kitamu kuliko Kiunguja, yaachieni.

Kadhia ya guni na huria

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panapounguza.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na diwani yake, na kwa watunzi wengi kikawa kama kadhi: vina vya kati na vya mwisho, mizani, na utoshelevu wa kila ubeti. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani iliyoacha vina na mizani kwa makusudi. Na Mulokozi na Kahigi, katika *Malenga wa Bara* ya mwaka 1976 na *Kunga za Ushairi* ya mwaka 1979, wakatetea njia pana zaidi. Wakapingwa vikali na walioamini kuwa tungo isiyo na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Mabwana na mabibi wa elimu wamelumbana juu ya jambo hili zaidi ya nusu karne na hawajamaliza. Basi msimamizi adhaniye kuwa atalimaliza yeye kwa kufuta ujumbe wa kijana saa nne ya usiku amejibebesha mzigo usio wake.

Dawa ninayoipendekeza ni nyepesi, na sijaona kundi lililoifuata kwa uaminifu likajuta. Kila tungo itanguliwe na neno moja la mtunzi mwenyewe: *tarbia*, *utenzi*, *takhmisa*, *huria*, na kadhalika. Kisha:

1. Tungo ihukumiwe kwa sharti alilolikubali mtunzi wake. Aliyeandika *huria* asiulizwe mizani iko wapi. Aulizwe kama picha zake zina uhai, kama kila mstari umestahili kukatwa ulipokatwa.
2. Aliyeandika *tarbia* akapatikana na kina kilichovunjika asikimbilie huria. Huo ndio ujanja mkubwa wa siku hizi, na ndio uliowachosha wazee wetu: mtu hushindwa kupata kina, kisha hujitangaza mwanamapinduzi.
3. Asiyetaja chochote na aulizwe kwa upole kabla ya kusahihishwa. Swali moja huokoa jumbe arobaini.
4. Mjadala wenyewe wa kama huria ni ushairi usikatazwe kamwe, bali upewe siku yake, tuseme Ijumaa. Siku nyingine mtu akiuanzisha chini ya shairi la mwenziwe, aambiwe: hoja yako tunaihifadhi, ilete Ijumaa.

Wako watakaosema kuwa kwa kufanya hivi tumeuza mji kwa wavamizi. Ningewaomba waangalie upya: aliyejiandikia *tarbia* mwenyewe sasa anabanwa kwa ukali zaidi kuliko zamani, na hana wa kumlaumu. Walichopoteza wazee ni haki ya kumbana asiyeziomba sheria zao.

Namna ya kumsahihisha mwanagenzi

Chukulieni kijana ameleta mshororo huu, akauita tarbia ya mizani kumi na sita:

*Nimekuja barazani, nataka kujifunza*

Ukwapi umetimia: ni-me-ku-ja-ba-ra-za-ni, mizani nane. Utao una saba: na-ta-ka-ku-ji-fu-nza. Kijana amehesabu nane kwa sababu amekata *n* peke yake, kama ikatwavyo katika *nchi* au kama *m* ya *mtu*, ambazo kweli hutamkwa peke yazo na kuhesabiwa. Kosa lake basi si uvivu. Amesikia kanuni nusu. Msahihishaji afuate njia hii:

1. Ataje kwanza kilichosimama, na akitaje kwa hakika, si kwa sifa za jumla: "Ukwapi umetimia."
2. Aonyeshe kosa moja tu. Mwenye makosa saba akionyeshwa saba, hajifunzi hata moja.
3. Akate mizani waziwazi, mbele ya wote, ili aliye kimya naye apate faida.
4. Asimtengenezee. Hili ndilo wajuzi hulivunja kila siku: huandika mshororo wao mzuri, wakapongezwa wao, na mwenye shairi akabaki mgeni katika shairi lake. Mwacheni arudi kesho na *nami nipate elimu*, au lake lolote; nane zitakuwa zake.
5. Akishasahihisha, wengine wasirudie. Mtu mmoja husahihisha, wanane huzomea.

Pana onyo moja ambalo halina budi. Usiite lahaja kosa. Mtu wa Mombasa akiandika *mato* kwa macho, au wa Lamu akaandika *mayi* kwa maji, hakupotoka. Kiswahili cha tungo nyingi za kale kiko upande wake. Wa Bukavu na wa Bujumbura nao wana semi zao. Asiyelielewa neno na aulize maana, na aliyeulizwa na ajibu bila kiburi. Kwa upande wa pili, asiyejua upatanisho wa ngeli asijifiche nyuma ya lahaja ambayo haijawahi kusemwa na mtu.

Malumbano yana adabu yake

Wako wasimamizi walioogopa magomvi hata wakapiga marufuku kujibizana kabisa. Hao wamekata mguu kwa kuogopa mwiba. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye tungo zake zilikusanywa na kuchapwa mwaka 1940, alirushiana beti na washairi wa Lamu juu ya mambo mazito ya vita na utawala, wala hakuna aliyedhani kuwa ushairi umevunjiwa heshima. Magazeti nayo, tangu *Mambo Leo* lililoanza mwaka 1923, yaliwapa watunzi ukurasa wa kuulizana na kujibizana, na msomaji akangoja toleo lijalo kwa hamu.

Kilichowalinda wale ni mwendo wa mambo. Jibu lilikuwa na bahari, lilikuwa na vina, na lilichukua muda. Hasira ya mtu anayetafuta kina cha *-ambo* mara nane hupoa kabla hajafika ubeti wa tatu. Ya mtu mwenye kidole juu ya kioo haipewi nafasi hiyo. Kwa hiyo sharti kali la umbo ndilo lililowafungulia wale mlango wa kusema makubwa, na ndilo ningependa mlirejeshe:

- Mada itangazwe siku mbili mbele, na iwe yenye pande mbili za haki, kama vile raha ya mjini na raha ya shamba.
- Bahari iwe moja, na beti zisizidi saba kwa kila jibu.
- Anayejibu na ajibu kwa beti. Nathari hairuhusiwi katika malumbano, hata ya neno moja, hata ya kicheko.
- Kila jibu lipewe siku nzima. Muscat wako mbele ya Zanzibar kwa saa moja, London wako nyuma, na aliyelala asihesabiwe kuwa ameshindwa.
- Shaha, yaani mwamuzi wa malumbano, achaguliwe na pande zote mbili, na asitunge ubeti hata mmoja mpaka mwisho.
- Shaha akifunga, kumefungwa. Mwenye dukuduku alipeleke sogani.

Inapobidi kumtia mtu adabu

Utaratibu uwe mmoja kwa wote, yaani kwa mzee na kwa kijana, kwa mfadhili wa kundi na kwa aliyejiunga jana:

1. Neno la faragha, likitaja kanuni na ujumbe wenyewe. Wengi huishia hapa wakiomba radhi.
2. Kumbusho la hadharani, bila jina.
3. Kutakiwa anyamaze kwa wiki moja. Asipoitika, hapo ndipo huondolewa, akiambiwa siku anayoweza kuomba kurudi.
4. Kuondolewa moja kwa moja, kwa shauri la wasimamizi wasiopungua watatu.

Makosa ya wasimamizi ni mengi kuliko ya wanachama, nayo hutajwa kwa nadra kwa kuwa wao ndio wenye kitufe. Yaliyo mabaya zaidi ni haya. Kutunga kanuni baada ya kosa, kisha kumhukumu mtu kwayo. Kufuta ujumbe bila kusema: WhatsApp humruhusu msimamizi kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, na kwa tusi hiyo ni rehema, lakini atamke kwamba amefuta na kwa sababu gani. Kusahihisha shairi la mtu na kumhukumu mtu huyo huyo katika ugomvi uliotokana na sahihisho hilo. Kusoma hadharani malalamiko aliyoletewa kwa siri. Na kulifunga kundi hata wasimamizi pekee ndio waandikao, kisha kulisahau hivyo. Ikibidi kufunga usiku mmoja wa moto, itajwe saa ya kufungua, na saa hiyo ifunguliwe.

Mashaka mnayoniletea mara kwa mara

*"Malenga wetu mkubwa ni mkali, na tukimkanya ataondoka na wenziwe."* Mpeni kazi inayohitaji ukali wake. Awe mhariri wa diwani ya kila mwezi, ambamo hakiingii kitu kabla hakijapita mkononi mwake, na watu wapeleke kazi huko kwa hiari. Mjuzi anayeudhi barazani mara nyingi ni mjuzi asiyepewa dhamana. Mkikuta kuwa hata dhamana haitaki, na raha yake ni kumfedhehesha mwanagenzi tu, basi mwacheni aende, kwa taadhima zote.

*"Wanachama ni wengi mno, hatuwezi kuwafuatilia."* Kundi la WhatsApp laweza kufika watu 1,024, lakini hamkulazimishwa kuwajaza. Kwa kundi la mafunzo, hata mia ni wengi. Ligaweni kwa bahari au kwa ujuzi, na wasimamizi wawe zaidi ya wawili, wakipokezana kwa zamu.

*"Watu wamekaa kimya tu, hawatungi."* Waacheni. Msomaji mstahimilivu ni nusu ya ushairi, na wengine husoma mwaka mzima kabla ya kuthubutu. Kuwafukuza walio kimya, kama baadhi ya makundi yafanyavyo kila mwisho wa mwezi, ni kuwafukuza wanagenzi wa kesho.

*"Siasa je?"* Ikija kwa beti zenye bahari yake na jina la mtunzi wake, ni shairi. Ikija kama picha ya mgombea, ni tangazo.

Nawaomba basi, wasimamizi, msizitangaze kanuni zenu kama amri. Ziandikeni leo, muwape wanachama siku tatu za kuzipinga kwa nathari au kwa beti, mziondoe zile zisizokuwa na mtetezi hata mmoja, na zilizobaki mzibandike juu ya kundi zikiwa na majina ya wote walioziafiki.